Kasri la Mwashi: Haji Zeynalabdin Taghiyev na Nyumba Yake Mjini Baku

Katikati ya Baku, mji mkuu wa Azerbaijan kwenye ukingo wa magharibi wa Bahari ya Kaspi, iko nyumba moja iliyochukua kiwanja cha mtaa mzima. Anayetaka kuizunguka hupita barabara nne, na kila upande hukutana na ukuta uleule wa mawe ya chokaa na madirisha marefu yaliyozungushiwa nakshi. Leo humo mna Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Azerbaijan, yenye vitu zaidi ya 300,000. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa nyumbani kwa Haji Zeynalabdin Taghiyev, mmoja wa matajiri mashuhuri kabisa waliozaliwa na mafuta ya Baku, ambaye kazi yake ya kwanza maishani ilikuwa kubebea waashi udongo.

Nyumba za matajiri huzoeleka kusimuliwa kwa anasa zake, na ya Taghiyev ina anasa za kutosha. Lakini haieleweki ikitazamwa peke yake. Ilijengwa katika miaka ileile, kwa fedha za mfuko uleule na kwa mkono wa msanifu yuleyule aliyejenga shule ya wasichana wa Kiislamu, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka hapo. Majengo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Historia ya moja bila ya lingine ni nusu ya habari.

Mtoto wa fundi viatu

Taghiyev alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ndani ya kuta za mji wa kale wa Baku. Baba yake, Taghi, alikuwa fundi viatu, na kipato chake hakikutosha kulisha nyumba yenye watoto wengi. Mama alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Zeynalabdin hakupelekwa chuoni wala darasani. Alipelekwa kwa waashi. Alianza kwa kubeba udongo na chokaa, akapanda kuwa mchonga mawe, kisha fundi mwashi kamili, na alipofika umri wa kijana alikuwa mkandarasi anayeajiri mafundi wengine. Maisha yake yote hakuwa mtu wa kalamu. Hesabu alizifanya kichwani, na nyaraka nzito alisomewa.

Baku aliyokulia haikuwa mji wa kutajika. Ilikuwa bandari ndogo iliyotekwa na Urusi mwaka 1806, na katikati ya karne wakazi wake walikuwa hawazidi maelfu machache. Upepo wa kaskazini uliipiga, maji ya visima vyake yalikuwa ya chumvichumvi, na bustani zilikuwa haba. Hata hivyo wageni walikuwa wakiijia tangu zamani kwa sababu ya moto. Katika kijiji cha Surakhani, nje kidogo ya mji, gesi ilitoka ardhini ikawaka usiku na mchana, na mahujaji na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walijenga hapo hekalu lijulikanalo kama Ateshgah. Mafuta nayo yalitoka karibu na uso wa ardhi. Watu waliyachota kwa mifuko ya ngozi kutoka visima vilivyochimbwa kwa mikono, wakayapakia juu ya ngamia, wakayauza kwa ajili ya taa na dawa ya magonjwa ya ngozi.

Mwaka 1846, huko Bibi-Heybat kusini mwa mji, kisima cha mafuta kilitobolewa kwa kekee badala ya kuchimbwa kwa sululu, miaka 13 kabla ya kile cha Edwin Drake kule Pennsylvania ambacho Wamarekani hukihesabu kuwa mwanzo wa biashara ya mafuta. Jaribio hilo halikubadilisha mambo papo hapo. Kilichozuia ni sheria. Serikali ya Urusi ilikuwa ikikodisha uchimbaji wote kwa mtu mmoja kwa miaka michache, na mtu wa namna hiyo hana haja ya kuwekeza katika mitambo atakayomwachia mwingine. Mwaka 1872 utaratibu huo ulifutwa. Mwisho wa mwaka huo maeneo ya mafuta yalipigwa mnada, kipande kwa kipande, na milango ya Baku ikawa wazi kwa kila mwenye fedha na ujasiri.

Kisima cha Bibi-Heybat

Watu wa kila namna walimiminika. Mwaka 1873 alifika Robert Nobel, Mswidi aliyetumwa na familia yake kutafuta mbao za mjozi za kutengenezea vitako vya bunduki. Fedha za mbao akanunulia kiwanda kidogo cha kusafishia mafuta, na kutokana na hicho ikazaliwa kampuni kubwa ya ndugu wa Nobel. Baadaye tawi la Paris la ukoo wa Rothschild nalo likaja na mitaji yake. Mwaka 1883 reli ilifika kutoka Baku hadi Batumi kwenye Bahari Nyeusi, na tangu hapo mafuta ya taa ya Kaspi yakawa na njia ya kwenda duniani. Mwaka 1892 meli Murex ya mfanyabiashara wa London, Marcus Samuel, ilipakia mafuta hayo Batumi ikapita nayo katika Mfereji wa Suez kuelekea Asia, na kutokana na biashara hiyo ikazaliwa kampuni ya Shell.

Taghiyev aliingia katika kinyang'anyiro hicho akiwa mkandarasi wa ujenzi mwenye akiba ya wastani. Pamoja na washirika wake alikodi kipande cha ardhi karibu na Bibi-Heybat, wakaanza kutoboa. Miezi ikapita, mafuta hayakuonekana. Washirika wakachoka, wakamwuzia hisa zao. Taghiyev akaendelea kuchimba, na alipokuwa ametumbukiza karibu kila alichonacho, kisima kikafumuka. Mwashi wa jana akaamka leo akiwa miongoni mwa matajiri wa Kaukazi.

Mwezi Septemba 1886 kisima chake kingine kilirusha mafuta kwa nguvu ambayo haikuwahi kushuhudiwa. Nguzo nyeusi ilipanda angani mita nyingi kupita paa za majengo, upepo ukabeba manyunyu ya mafuta hadi mjini, na kiasi kikubwa kikatiririka na kupotelea baharini kabla mafundi hawajaweza kukiziba. Mwandishi Mwingereza Charles Marvin, aliyekuwa akifuatilia Baku kwa miaka kadhaa, aliieneza habari ya kisima cha Taghiyev Ulaya nzima. Kufumuka huko kuliweza kumtajirisha mtu au kumfilisi. Miaka mitatu kabla, kisima kingine cha viunga vya Baku kilichorusha mafuta vivyo hivyo kilimwangamiza mwenyewe, kwa sababu mali za watu zilizoharibiwa zilikuwa nyingi na fidia ikamshinda. Utajiri wa Baku ulijengwa juu ya bahati ya namna hiyo, na Taghiyev, aliyezoea kupima ukuta kwa timazi, aliielewa hatari hiyo mapema kuliko wenzake.

Ndiyo maana mwaka 1897 alifanya jambo lililowashangaza wengi. Mafuta yalikuwa yakipanda. Miaka michache baadaye, mwaka 1901, Urusi ingetoa zaidi ya nusu ya mafuta yote ya dunia, takriban yote kutoka viunga vya Baku. Yeye akauza visima vyake kwa Waingereza kwa rubli milioni 5. Fedha akazigeuza kuwa kiwanda cha nguo nje kidogo ya mji, kilichosokota pamba ya mabonde ya Azerbaijan, na mtaa wa wafanyakazi ukajengwa pembeni yake. Alikuwa tayari na uvuvi, meli, ardhi na tramu za kukokotwa na farasi. Mafuta yalimpa mtaji. Hakutaka yawe kazi yake ya maisha. Na katika miaka hiyohiyo ya kuhama kutoka visimani kwenda viwandani, nyumba yake ilikuwa ikiinuka.

Nyumba inainuka

Mchoro aliukabidhi kwa Józef Gosławski, Mpolandi aliyezaliwa Warsaw mwaka 1865 na kusomea uhandisi wa majengo St. Petersburg. Poland wakati huo ilikuwa chini ya Urusi, na vijana wake wasomi walitafuta kazi popote ndani ya dola hiyo kubwa. Gosławski alikuja Baku kwa ajili ya ujenzi wa kanisa kuu la Alexander Nevsky, akapendwa, akawa msanifu wa mji. Kwa muda mfupi aliokaa aliibadilisha sura ya Baku kuliko yeyote aliyemtangulia. Hata jumba la baraza la mji ni kazi yake. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1904 kabla hajatimiza miaka 40.

Ujenzi wa nyumba ya Taghiyev ulichukua nusu ya pili ya miaka ya 1890 ukafika mwanzo wa karne mpya. Kwa nje Gosławski alifuata mtindo wa Italia ya zama za Mwamko: mistari iliyonyooka, nguzo zilizopachikwa ukutani, matao juu ya madirisha, na pembe zilizopewa mapaa ya juu ili jengo lisionekane kama ghala refu. Mawe yalitoka rasi ya Absheron, mawe yale yale ya rangi ya asali hafifu ambayo Taghiyev aliyachonga ujanani kwa ujira wa siku. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa. Matajiri wengine wa Baku walijenga kwa macho ya wageni walioajiriwa. Huyu alijua bei ya jiwe, ugumu wake, na muda wa fundi kulichonga. Si ajabu kwamba nyumba yake ingali imesimama katika mji wenye upepo mkali.

Ndani, ngazi pana humpandisha mgeni hadi vyumba vya kupokelea watu. Viwili kati ya hivyo hueleza tabia ya mwenye nyumba kuliko maelezo yoyote. Ukumbi wa Mashariki una dari na kuta zilizojazwa nakshi za Kiislamu za maua na maumbo ya jometri, rangi juu ya rangi na dhahabu juu ya rangi. Ukumbi wa Ulaya una plasta nyeupe, mapambo ya Kifaransa na taa za vioo. Mtu angeweza kutoka ukumbi mmoja kuingia mwingine, na Taghiyev alifanya hivyo kila siku. Alikuwa Haji, mwenye kofia ya manyoya ya Kikaukazi na heshima ya wazee wa mtaa. Alikuwa pia mtu wa vyeo na nishani za Tsar, aliyejadiliana na mabenki na wahandisi wa kigeni. Hakuutupa upande mmoja ili aupate mwingine, na nyumba yake ilijengwa ili pande zote mbili zipate mahali pa kukaa.

Kulikuwa na chumba cha kazi, maktaba, chumba cha kulia na chumba cha mchezo wa biliadi. Kulikuwa pia na chumba cha faragha cha mke wake, kilichopambwa kwa vioo. Mke huyo alikuwa Sona, binti wa Jenerali Balakishi Arablinski, Mwislamu aliyepanda vyeo katika jeshi la Urusi. Taghiyev alimwoa baada ya kufiwa na mke wa kwanza, na umri wao ulipishana sana. Sona alikuwa msomi. Katika nyumba hiyo hakukaa nyuma ya pazia. Alipokea wageni, na jina lake likaandikwa miongoni mwa wadhamini wa shule ambayo mumewe alikuwa akihangaika kuifungua.

Ndugu wa pili

Shule hiyo ilimgharimu Taghiyev kuliko visima vyake, kama gharama itahesabiwa kwa subira. Katika miaka ya utawala wa Tsar Alexander III aliomba ruhusa ya kufungua shule ya wasichana wa Kiislamu akakataliwa. Tsar mpya, Nicholas II, alipotawazwa, Taghiyev akarudi na mbinu. Aliahidi kuipa shule jina la malkia, Alexandra Feodorovna. Ilikuwa vigumu kwa maofisa kukataa shule yenye jina la mke wa mfalme, na kibali kikatoka mwaka 1896.

Kikwazo cha pili kilikuwa nyumbani kwake, miongoni mwa Waislamu wenzake. Baadhi ya masheikh walisema kumtoa binti kwenda kusoma masomo ya dunia ni kuharibu dini. Taghiyev hakuwatukana wala hakuwapuuza. Inasimuliwa kwamba alimgharimia mwanachuoni mmoja safari ya kwenda miji mitakatifu na vituo vikuu vya elimu ya Kiislamu, Makka na Madina, Karbala, Cairo, Istanbul na Tehran, ili akusanye fatwa za wanazuoni wakubwa kwamba Uislamu haumkatazi mwanamke elimu. Mtu ambaye mwenyewe hakusoma alijua kwamba hoja ya kitabu hujibiwa kwa kitabu.

Gosławski alichora jengo hilo nalo. Lilisimama kando ya mtaa mkuu nje ya kuta za mji wa kale, na mwezi Oktoba 1901 likafunguliwa likiwa shule ya bweni. Wasichana 58 waliandikishwa, wengi wao watoto wa maskini waliosomeshwa bure. Mkuu wa kwanza wa shule alikuwa Hanifa Malikova, mwalimu aliyejitolea maisha yake kwa elimu ya wanawake, mke wa mwandishi Hasan bey Zardabi aliyeanzisha gazeti la kwanza la Kiazerbaijani. Wasichana walifundishwa Kirusi na lugha yao, hesabu, jiografia, dini, ushonaji na utunzaji wa nyumba. Miaka michache baadaye waliohitimu walianza kuonekana vijijini na mijini wakiwa walimu, na baba aliyesita kumpeleka bintiye kwa mwalimu mwanamume hakuwa tena na kisingizio.

Orodha ya mambo aliyoyagharimia ni ndefu. Jumba la tamthilia alilolijenga mwaka 1883 ndilo ambamo Januari 1908 ilichezwa opera ya Leyli na Majnun ya Uzeyir Hajibeyov, ya kwanza katika ulimwengu wa Kiislamu. Mwaka 1897 alilinunua gazeti la Kaspiy akalikabidhi kwa mwanasheria Alimardan bey Topchubashov, na likawa sauti ya Waislamu wa Kaukazi kwa lugha ya Kirusi. Alitetea mradi wa kuleta maji safi kutoka chemchemi za Shollar, karibu kilomita 190 kaskazini, uliobuniwa na mhandisi William Lindley. Mwaka 1917 maji hayo yalifika katika mji uliokuwa umekunywa chumvi na kuzika watu wa kipindupindu. Na aliwasomesha vijana wengi katika vyuo vikuu vya Urusi na Ulaya. Mmoja wao alikuwa mwalimu na mwandishi maskini aliyeitwa Nariman Narimanov, aliyekwenda kusomea udaktari Odessa. Jina hilo lina sehemu yake mbele.

Nje ya ukuta

Haki ya historia yataka tutoke nje ya kuta za nyumba hii pia. Wakati mafundi wakipaka dhahabu kwenye dari, maelfu ya vibarua kutoka Uajemi, Dagestan, Volga na vijiji vya Azerbaijan walilala mabandani kwenye maeneo ya mafuta ya Balakhani na Bibi-Heybat, miguu ndani ya mafuta, moshi mapafuni, mishahara isiyolingana na hatari. Maxim Gorky alipofika Baku katika miaka ya 1890 aliondoka ametishwa na alichokiona kwenye visima. Migomo ilianza kuupiga mji, na Desemba 1904 mgomo mkubwa uliwalazimisha wenye visima kutia saini mkataba wa pamoja na wafanyakazi, wa kwanza wa aina yake katika Urusi. Mwaka 1905 chuki kati ya Waislamu na Waarmenia ililipuka na kuwa mauaji, na sehemu kubwa ya visima ikateketea. Miaka miwili baadaye kijana wa Kigeorgia aliyekuja kujulikana kwa jina la Stalin alikuwa akizunguka mitaa hiyo kwa siri akiwapanga wafanyakazi.

Taghiyev alikuwa sehemu ya mfumo huo. Viwanda vyake havikuwa peponi, na wafanyakazi wake nao waligoma. Ukarimu wa mtu mmoja haukuweza kuziba pengo lililoachwa na sheria isiyojali. Tofauti yake na wengi wa tabaka lake ilikuwa kwamba alijua pengo hilo lilivyo kwa ndani, maana alikua ndani yake, na alichukua sehemu kubwa ya faida yake kuyarudisha yale aliyoyakosa: shule, maji, na mtu wa kumshika mkono kijana asiye na kitu.

Aprili 1920

Dola ya Tsar ilianguka mwaka 1917. Tarehe 28 Mei 1918 ikatangazwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Azerbaijan, jamhuri ya Waislamu iliyowapa wanawake haki ya kupiga kura kabla ya nchi nyingi za Ulaya. Bunge lake lilihitaji mahali pa kukaa. Tarehe 7 Desemba 1918 wabunge waliingia katika jengo la shule ya wasichana ya Taghiyev na kufungua kikao cha kwanza humo. Spika waliyemchagua alikuwa Topchubashov, mhariri wa zamani wa Kaspiy. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, katika jengo hilohilo likafunguliwa jumba dogo la makumbusho lililoitwa Istiqlal, yaani uhuru, kwa kuwa taifa changa lilitaka kuweka kumbukumbu zake mahali pamoja.

Jamhuri hiyo iliishi miezi 23. Tarehe 28 Aprili 1920 Jeshi Jekundu lilikuwa Baku. Matajiri waliokuwa na njia walikimbilia Istanbul na Paris. Murtuza Mukhtarov, aliyepanda kutoka kibarua wa visima hadi mmiliki wa kampuni ya kutoboa, alikuwa na kasri la mtindo wa Venice alilomjengea mkewe. Askari walipoingia ndani, aliwafyatulia risasi kisha akajiua. Kasri alilolijenga tajiri mwingine, Musa Naghiyev, liitwalo Ismailiyya kwa kumbukumbu ya mwanawe Ismail aliyekufa kwa kifua kikuu, lilikuwa tayari limechomwa katika mapigano ya Machi 1918, mwaka mmoja kabla ya yeye mwenyewe kufariki.

Taghiyev hakukimbia wala hakupigana. Alikuwa mzee sana. Nyumba ilichukuliwa, kiwanda kikachukuliwa, na kila chenye thamani kikaorodheshwa kuwa mali ya umma. Lakini aliyekuwa akiongoza serikali mpya ya Kisovieti ya Azerbaijan alikuwa Dk. Nariman Narimanov, yule mwalimu maskini wa zamani. Narimanov alikuwa mkomunisti wa kweli na hakurudisha nyumba. Alichoweza kufanya alikifanya: mzee aliachwa hai, akaruhusiwa kuishi katika nyumba yake ya shamba huko Mardakan, kijiji cha pwani kaskazini mashariki mwa mji. Huko ndiko Taghiyev alikofariki tarehe 1 Septemba 1924, na huko ndiko alikozikwa.

Familia iliyobaki haikupata huruma hiyo. Watoto walitawanyika, wengine ughaibuni. Sona, aliyewahi kupokea wageni katika Ukumbi wa Ulaya, alinyang'anywa hata makazi ya Mardakan, akafa Baku mwaka 1938 akiwa fukara. Hakuna simulizi ya kasri hili iliyo kamili bila kifo hicho. Mapinduzi yaliyosema yanawakomboa wanyonge yalimgeuza mjane kuwa mnyonge, naye alikuwa mmoja wa waliowafungulia wasichana wa nchi yake mlango wa darasa.

Makumbusho

Nyumba yenyewe ilipona, na sababu ya kupona kwake yafaa kuelezwa. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kisovieti ulibomoa majengo mengi ya Baku ambayo haukuyaona na manufaa. Kanisa kuu la Alexander Nevsky, lililomleta Gosławski mjini, lilibomolewa. Msikiti wa kale wa Bibi-Heybat ulivunjwa. Kasri la Taghiyev lilibaki kwa sababu tangu 1920 lilikuwa limepewa kazi ya kuhifadhi historia ya nchi. Kwa muda, kuanzia miaka ya vita, serikali ililitumia kwa ofisi zake na makumbusho yakahamishwa, baadaye yalirudi. Baada ya uhuru wa 1991 mafundi walisafisha kuta, wakarudisha rangi na dhahabu za dari, na vyumba vya familia vikapangwa upya kwa samani za zama zake. Barabara iliyo mbele ya nyumba inaitwa sasa kwa jina la mwenyewe.

Jina hilo lilikuwa limefutwa kwa miongo kadhaa. Katika vitabu vya shule vya Kisovieti matajiri wa mafuta walikuwa wanyonyaji wote kwa jumla, na Taghiyev mmoja wao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanasayansi na mwandishi Manaf Suleymanov alichapisha kitabu cha mambo aliyoyasikia, kuyasoma na kuyaona kuhusu Baku ya zamani. Wasomaji walikigombania, na habari za Taghiyev zikatoka hadharani. Zilikuwa zimehifadhiwa wapi muda wote huo? Vinywani mwa watu: kwa wazee waliofanya kazi kiwandani kwake, kwa familia zilizokunywa maji ya Shollar, kwa watoto wa vijana aliowasomesha.

Vitu vya fahari vya nyumba hii vinastahili kutazamwa, na anayefika Baku asiukose Ukumbi wa Mashariki. Lakini akitoka hapo aende mpaka kwenye jengo la shule, ambalo leo ni Taasisi ya Miswada ya Azerbaijan na limehifadhi maandiko ya kale ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Ni vyema kuyaona yote mawili siku moja, kwa mpangilio huo, kwa kuwa ndivyo fedha za mafuta zilivyosafiri kwa mtu mmoja: kutoka kisimani hadi sebuleni, na kutoka sebuleni hadi darasani. Kisima alikiuza mwenyewe. Sebule ilitwaliwa kwa amri ya siku moja. Darasa lilikuwa limekwisha kutoa walimu kwa karibu miaka 20, na walimu wale walikuwa na wanafunzi wao, na wanafunzi wale walikuja kuwa mama waliowafundisha kusoma watoto wa Azerbaijan ya Kisovieti. Serikali iliyotaifisha kila kitu haikuwa na namna ya kutaifisha hilo, kwa kuwa Taghiyev alikuwa ameshaligawa.